Neno la Siri Ubaoni

Walimu wenzangu wananiita Pilipili, na sikatai. Mdomo ninao. Lakini kuna siku tatu ambazo mdomo huu ulifungwa kama umeshonwa, na aliyeumia ni mtu ambaye hajawahi kunikosea hata kwa kunikanyaga mguu. Wacha niwaambie habari zake, zangu zitajitokeza zenyewe.

Ni mwalimu wa jiografia, sisi tunamwita Mwandiko. Ana miaka thelathini na mmoja ya kushika chaki. Meza yake na yangu zimepakana katika ofisi ya walimu, zile meza za mbao zenye droo zisizofunga, na kwa miaka kumi na tisa tumekunywa chai kutoka chupa moja. Mimi nafundisha sayansi. Yeye akiingia darasani, kabla hajasema kitu, anafuta ubao wote hata kama ni msafi, anapiga mstari wa pembeni kwa uzi uliopakwa chaki, ndipo anaandika tarehe. Herufi zake, jamani! Mtoto wa darasa la kwanza anazisoma, mtu mzima anazitamani. Vyeti vya shule aliandika yeye, kadi za harusi za nusu ya mtaa aliandika yeye. Mumewe alipofariki, jina la marehemu aliliandika kwa mkono wake juu ya jiwe la kaburi, kwa chaki, fundi akachonga kwa kufuata. Wanawe wawili amewasomesha kwa kazi hiyohiyo, na sasa wote wako mbali, wanampigia simu Jumapili.

Kisha ofisi ikaletewa printa. Mwaka huo vyeti vikatoka vimechapwa, na hakuna aliyemwambia neno. Nilimkuta dirishani amekishika kimoja, anakigeuzageuza.

"Kizuri," akasema. "Tena kimetoka haraka."

Nilitaka kumtania, nikashindwa.

Baada ya printa ikaja barua ya mafunzo. Walimu wote tutafundishwa kutumia intaneti darasani, Jumamosi tano mfululizo, katika maabara yangu. Mwishoni kila mmoja afundishe kipindi kimoja kwa mtandao, mwenzake akikaa nyuma na kujaza fomu, halafu atume mpango wa somo kwa mkufunzi. Asiyetuma, jina lake litapelekwa kwa afisa elimu. Litapelekwa likafanye nini huko? Barua haikusema, na hapohapo hofu ikapata pa kuingilia. Mmoja akasema watu watastaafishwa mapema. Mwingine akasema watahamishwa. Mlinzi wa geti naye, ambaye hajawahi kufundisha hata kuhesabu mpaka kumi, akasema amesikia kwa mtu wa uhakika kwamba watanyang'anywa madarasa. Basi ukawaona watu wazima na mvi zao wanatembea na simu mkononi kama wanasubiri habari za mgonjwa.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, mvumilivu. Tukampa jina la Bonyeza, maana kila alilosema lilianza na hilo. Bonyeza hapa, bonyeza pale, usibonyeze mara mbili. Mwandiko alikaa mbele kabisa, na ule mkono unaochora ramani ya dunia bila kufuta mara ya pili ulikuwa unatetemeka juu ya kipanya.

"Pilipili," akaninong'oneza, "nikikosea, kitaharibika?"

"Utaharibika wewe kwanza."

Akacheka, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mimi nilimtania hivyo ili asinigeukie akaona kioo changu, maana na mimi nilikuwa sijui kitu. Nilikuwa nabonyeza ili nisikike nabonyeza. Ndiyo tabia yangu, nikiogopa nawacheka wenzangu.

Lakini mwenzangu alijitahidi. Bonyeza akamfungulia akaunti ya barua pepe, akaambiwa achague neno la siri ambalo hatalisahau. Akachagua jina la marehemu mumewe na mwaka waliooana. Akafundishwa pia kwamba kazi yoyote usiyotaka ipotee, jitumie mwenyewe kwa barua pepe, utaikuta. Hilo alilishika kama sala. Akajitumia kila kitu, mpaka orodha ya mahudhurio.

Na hapa mnisikilize vizuri. Mwaka huo Mwandiko ndiye aliyepewa kutunga mtihani wa jiografia wa darasa la mwisho, mtihani wa pamoja wa shule zote za wilaya. Ni heshima kubwa, na ni balaa kubwa likitokea la kutokea. Miaka miwili nyuma mtihani wa mwalimu mmoja wa shule jirani ulivuja. Walikuja watu wawili na gari, wakamtoa darasani mbele ya wanafunzi wake, na mpaka leo hajarudi kazini. Mwandiko aliuchapa mtihani wake kwa vidole viwili kwa wiki tatu, akajitumia. Ukakaa humo ndani ya akaunti, unasubiri Jumatatu, siku ya kufanywa.

Binti yangu alikuwa darasa la mwisho. Hilo nalo mlijue mapema.

Jumatano ikawa zamu yake ya kufundisha kwa mtandao. Zililetwa kompyuta sita darasani, watoto wako hamsini na wawili, mimi nimekaa nyuma na fomu yangu. Somo lilikuwa volkano. Alikuwa amejitumia picha za milima inayotema moto, na zilitakiwa zionekane ukutani kwa projekta. Projekta ikagoma. Akabonyeza, akachomoa, akachomeka, wapi! Watoto wakaanza kunong'ona. Nikauona uso wake unabadilika, na mimi nikaogopa kwa niaba yake, maana fomu ile ilikuwa na sehemu ya "mwalimu ameshindwa kutumia kifaa."

Basi akageukia kitu anachokijua. Akachukua chaki. Akapiga mstari wa pembeni, akaandika tarehe, akaandika somo. Chini yake akaandika anwani yake ya barua pepe, na chini ya anwani akaandika neno lake la siri, herufi kubwa mahali pake, tarakimu nne mwishoni. Akalipigia mstari kwa chaki nyekundu.

"Haya, ingieni wenyewe," akasema.

Wakaingia. Volkano ikalipuka kwenye kompyuta zote sita, na darasa zima likapiga kelele. Sijawahi kumwona mwanamke yule na furaha ile, alikuwa anatembea kati ya madawati mikono nyuma kama bibi harusi. Wale ambao hawakupata nafasi kwenye kompyuta wakafanya kile ambacho mwanafunzi hufanya akiona kitu ubaoni, wakanakili. Wengine wakapigia na mstari mwekundu.

Na mimi, mkaguzi mzima, mwenye shahada ya sayansi, mnajua niliandika nini kwenye fomu? Sehemu ya matumizi ya ubao niliandika: "Neno la siri limeandikwa vizuri, linasomeka hata kutoka nyuma." Nikampa alama zote. Chekeni tu. Sisi tumekulia ubaoni. Kitu cha muhimu kinaandikwa ubaoni na kinapigiwa mstari, na tuliambiwa Jumamosi tano mfululizo kwamba neno la siri ni la muhimu sana.

Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, nilikuwa nyumbani, nimekaa jikoni kwenye kigoda, simu mkononi. Mpango wangu wa somo ulitakiwa kesho yake, na sikuwa na hata mstari mmoja. Niliona jina langu liko mezani kwa afisa elimu, na mimi, niliyewacheka wote, ndiye wa kwanza kwenye orodha. Ikanijia: mpango wa Mwandiko umo kwenye akaunti yake, na neno la siri ninalo, nimeliona, jina la shemeji yangu marehemu nalijua vizuri. Sitachukua, nitaangalia tu alivyoupanga.

Binti yangu akaingia. "Mama, nipe simu mara moja."

"Hebu nitokee hapa!"

Sikuwahi kumkaripia hivyo bila sababu. Alisimama kidogo mlangoni akaniangalia, akatoka.

Nikaingia kwenye akaunti. Nikaupata mpango, nikaunakili wote, mahali pa volkano nikaweka mapafu. Nikashusha kidole ili nitoke, na hapo nikauona mtihani. Jina lake lilikuwa wazi: Mtihani wa Pamoja, Jiografia, Darasa la Mwisho. Binti yangu jiografia ndiyo inayomtoa machozi. Kidole changu kikasimama pale. Sikuufungua. Narudia, sikuufungua. Lakini sitawadanganya kwamba kidole kiliondoka haraka.

Alhamisi asubuhi nilikuta Mwandiko amesimama kati ya meza zetu mbili, hajavua hata mkoba begani. Uso umemshuka, midomo imekauka. Akaniwekea simu yake mbele.

"Soma," akasema.

Ulikuwa ujumbe mfupi wa simu, wa onyo kuhusu akaunti yake ya barua pepe. Jana, saa kumi na dakika kumi alasiri, mtu ameingia kwa kutumia simu isiyofahamika. Kama si wewe, chukua hatua.

"Si mimi," akasema. "Mimi kwa simu hii sijawahi kuingia, naingia kwa kompyuta ya shule tu. Kuna mtu ameuona mtihani, Pilipili. Nimekwisha."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ningesema, angenitukana, tungelia, tungekunywa chai. Badala yake nikaona binti yangu anafutiwa matokeo. Mama yake ameingia kwenye akaunti yenye mtihani, nani ataamini kwamba alifuata mpango wa somo?

"Watoto hao," nikasema. "Si uliwaandikia ubaoni?"

Akaweka mkono mdomoni. Nadhani ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza alichofanya. Akakaa chini taratibu.

Tukampigia Bonyeza, akatuelekeza jinsi ya kubadilisha neno la siri. Akauliza kama humo ndani kulikuwa na kitu nyeti. Mwandiko akanitazama, akasema, "Hapana, picha za volkano tu." Mwanamke ambaye hadanganyi hata umri wake! Alipokata simu, aliilaza mezani kifudifudi.

Mchana akakusanya madaftari yote hamsini na mawili, akidai anasahihisha. Tukakaa wawili ofisini, kila mmoja na kalamu ya wino mweusi, tunafuta jina la marehemu ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilifuta ishirini na sita. Nilifuta kwa bidii, jamani, mtu angeniona angesema huyu ndiye rafiki wa kweli. Mara moja tu alisimamisha kalamu.

"Hawa watoto wote wamemwandika vizuri," akasema. "Hakuna aliyekosea jina lake."

Kisha akaendelea kufuta. Kila gari lililopita nje ya geti alinyanyua kichwa. Lilipopunguza mwendo, alishika ukingo wa meza. Mimi nami nilishika wangu.

Usiku sikulala, wala sina haja ya kuueleza. Ijumaa nilifika mapema nikiwa nimepiga moyo konde kwamba nasema. Nikamkuta amekwisha kuamua la kwake.

"Mchana naenda kwa mwalimu mkuu," akasema. "Kama mtihani umeonekana, watoto wa shule nyingine wataonewa Jumatatu. Siwezi. Wakinichukua, wanichukue. Ila kwanza nataka kumjua aliyeingia, nisiende mikono mitupu. Nimeandika majina ya wanafunzi wenye simu nyumbani. Wako kumi na wanne."

"Utawauliza wote?"

"Nitaanza na wako. Wako nitamwamini."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa amemtuma kiranja. Dakika mbili hazikuisha, binti yangu akasimama mbele ya meza zetu, mikono nyuma, sketi imepigwa pasi, soksi zimevutwa. Ofisini tulikuwa sisi watatu tu, wengine wako vipindini. Alinisalimia kwa macho kama anavyofanya tukiwa shuleni.

Mwandiko hakumtisha. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, juzi saa kumi jioni, kuna mtu aliingia kwenye akaunti yangu kwa simu. Humo ndani mlikuwa na mtihani wenu wa Jumatatu. Akipatikana ni mwanafunzi, hafanyi mtihani. Nisipompata, mimi siendelei na kazi. Sasa niambie ukweli. Nyumbani kwenu simu ni moja, ya mama. Saa kumi ilikuwa na nani?"

Mtoto akanigeukia. Alinitazama kama alivyonitazama pale mlangoni mwa jikoni, na nikaona kitu kinapita usoni mwake, nikaona anaelewa. Anajumlisha. Mtoto wa mwalimu wa sayansi, mnatarajia nini?

Nikasema moyoni, sema ilikuwa na mama. Sema tu, mwanangu. Wallahi nilikuwa nataka aseme, maana mimi nilishindwa.

Akamgeukia tena Mwandiko.

"Ilikuwa na mimi, mwalimu," akasema. "Ni mimi niliyeingia. Nisamehe."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Machozi ndiyo yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta, mikono bado iko nyuma.

Mwandiko akafumba macho. Nikamwona anazeeka palepale kwenye kiti. "Ah, mwanangu," akasema. "Wewe tena?"

"Muongo huyo!" Nilipiga kelele mpaka wote wawili wakashtuka. "Muongo! Hakuishika hiyo simu, nilimnyima. Ni mimi. Nilikuwa sina mpango wa somo, nikaingia nikanakili wako. Ni mimi, dada, mtoto hajui kitu."

Dada. Sikuwahi kumwita hivyo, ingawa ananizidi miaka minne, siku zote nilimwita kwa jina la utani.

Darasa la jirani walikuwa wanasoma kwa pamoja, wanapokezana na mwalimu wao. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anizabe kofi. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Uliufungua?"

"Sikuufungua."

"Uliuona?"

"Niliuona. Sikuufungua."

Aliniangalia kwa muda, kisha hakuniangalia tena. Akageuka, akamtazama binti yangu, kana kwamba anamuuliza yeye kama niaminiwe. Na mwanangu, aliyekuwa tayari kukosa mtihani kwa ajili yangu, akainamisha macho chini.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu wote wawili. Mwandiko alieleza la kwake kwanza, la ubaoni, bila kujipunguzia, halafu akaniachia nieleze la kwangu. Zikapigwa simu. Mtihani wa jiografia ukaahirishwa kwa wiki moja, akapewa mwalimu wa shule nyingine autunge upya. Hapakuja gari. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, nikaondolewa usimamizi wa mitihani. Yeye aliachiwa madarasa yake, lakini naye akapewa barua kwamba hatatunga tena mtihani wowote mpaka atakapostaafu. Alipoisoma barua hiyo aliikunja mara nne, akaiweka kwenye droo. "Afadhali," akasema. Nilijua si afadhali.

Binti yangu aliufanya huo mtihani mpya na akafaulu, alama za kawaida, si za kung'aa. Nilimshika mkono nikamshukuru kwa siku ile. Akasema, "Basi, mama, yameisha." Sijamuuliza kama aliniamini. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kumuuliza habari za shule. Naogopa atakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Na Mwandiko bado tumepakana meza. Chai bado ni chupa moja, na ananimiminia mimi kwanza kama zamani. Kompyuta ameizoea, siku hizi anawaonesha watoto mito na majangwa bila jasho, na Bonyeza akija kututembelea humtolea mfano yeye. Nikimtania anacheka. Ukituona utasema hakuna kilichotokea.

Ila kila asubuhi anapoifungua hiyo kompyuta, nikiwa nimekaa pembeni yake, anaweka mkono wa kushoto juu ya herufi, anaukunja uwe kama ukuta, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia anaandika neno lake la siri humo chini. Siku ya kwanza aliona nimeuona ule mkono.

"Usichukie, mwenzangu," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Wala sichukii," nikamjibu, nikageuza uso kuelekea dirishani mpaka aliponiambia tayari.